Yadi ya magari si stoo: kibali kiandikwe kwa vipimo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo kwa msafiri anayepita Uyole, Iyunga au Mbalizi hapa Mbeya ni dogo, lakini kwa anayeishi nyuma ya ukuta wake linamnyima usingizi. Ni viwanja vilivyopata kibali cha stoo za kukodisha, ambavyo baadaye eneo lake la wazi linageuka yadi ya kulaza magari.

Mambo huanza hivi. Mwenye kiwanja anajenga vyumba ishirini au thelathini kwa mstari, kila kimoja na mlango wake wa chuma. Wapangaji wanaweka magunia ya mchele, mbolea, fenicha, vipuri. Katikati panabaki uwanja mpana ili lori liingie, lishushe na kuondoka. Siku moja dereva anaomba alaze gari hadi asubuhi, na anakubaliwa. Wiki inayofuata wanakuja wawili. Mwaka ukiisha uwanja ule unaingiza fedha kuliko vyumba, na mwenye nao anapeleka maombi halmashauri ili kile ambacho tayari kinafanyika kiandikwe rasmi. Maombi yenyewe huwa na sentensi moja tu: eneo la kuegesha magari.

Hatuandiki kupinga yadi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni karibu kilomita 830, na kutoka hapa hadi mpaka wa Tunduma ni kama kilomita 100 zaidi. Dereva wa semi, yaani lori la kichwa na trela, anayekwenda Zambia au Kongo lazima alale mahali. Akikosa yadi analala kwenye bega la barabara, na sote tunajua usiku wa ukungu, lori lisilo na taa likiwa limeegeshwa nusu kwenye lami, linafanya nini kwa basi linalokuja nyuma. Hata magari yasiyosafiri yanahitaji pa kukaa: kombaini za mpunga za Usangu zinafanya kazi msimu wa mavuno kisha zinasimama miezi mingi, na huwezi kuiweka mashine ya upana ule kwenye uwanja wa nyumba. Yadi zinahitajika. Tunachokidai ni kwamba kibali chake kiandikwe kwa vipimo: gari za aina gani, ngapi, kwa siku ngapi, zinaingia saa ngapi, maji yanakwenda wapi. Kibali kisicho na namba hakiwezi kukaguliwa, kwa sababu mkaguzi akifika hana cha kulinganisha na anachokiona.

Tuanze na neno lenyewe, maana ugomvi mwingi unatoka hapo. "Kuegesha" kunabeba matumizi matatu yasiyofanana. La kwanza ni gari linalolala: linaingia jioni, linatoka alfajiri, lina dereva na utingo wanaohitaji choo, maji, chakula na pa kuoga. La pili ni gari linalohifadhiwa: kombaini, trela lisilo na kichwa, basi linalosubiri leseni, gari dogo la mtu aliyehamishwa kikazi. Hilo halina mtu ndani, linaweza kukaa miezi sita bila kuguswa, na kero yake kwa jirani ni ndogo mno. La tatu ni gari linalokufa. Limekuja kuhifadhiwa, injini ikashushwa "kwa muda", tairi zikauzwa, likapandishwa juu ya matofali, na sasa nyasi zinatokea kwenye boneti. Hapo yadi imekuwa gereji, na baada ya gereji inakuwa lundo la vyuma chakavu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka asiwepo mtu anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na kanuni za matumizi ya ardhi zinatenganisha ghala, maegesho na karakana katika makundi yake. Halmashauri ikiandika neno moja kwa mambo matatu, imefungua mlango wa yote matatu.

Dalili za kuvuka kutoka hifadhi kwenda gereji zinaonekana kwa macho, na zingeandikwa kwenye kibali hivyo hivyo zilivyo: jeki au tofali chini ya ekseli, pipa la oili chafu, mtungi wa gesi ya kuchomelea, gari lisilo na namba. Sharti linaloweza kutekelezwa ni hili: gari lolote lisiloweza kutoka getini kwa injini yake au kwa kuvutwa likiwa juu ya magurudumu yake yote liondolewe ndani ya siku 30, na mlinzi awe na daftari lenye namba ya gari, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Daftari la shilingi elfu chache linamaliza ubishi ambao vikao vitatu vya mtaa havikuumaliza.

Sasa idadi. Maombi mengi huandika "magari 40" bila kusema magari gani. Tuchukue kiwanja cha ekari moja, ambayo ni karibu mita za mraba 4,000. Toa stoo zenyewe, ofisi ya mlinzi, vyoo, nafasi ya kuachia ukuta wa jirani na sehemu ya maji ya mvua. Ukibaki na mita za mraba 2,200 za kuegesha umebahatika. Semi yenye kichwa na trela ina urefu wa mita 17 hadi 18. Kuilaza kunahitaji mstari wa mita 3.5 kwa 18, yaani mita za mraba 63, na mbele yake njia ya kukatia kona ya mita 20 hivi, kwa kuwa upande wa nje wa gari hilo unahitaji nusu kipenyo cha kama mita 12.5 kugeuka. Ukigawa njia hiyo kwa magari yanayoitumia, kila semi inakula karibu mita za mraba 140. Kwenye 2,200 zinaingia 15. Gari dogo linahitaji mita 2.5 kwa 5 na sehemu yake ya njia, jumla kama mita za mraba 25. Hapo zinaingia zaidi ya 80. Kwa hiyo "magari 40" kwenye ekari moja ni mengi kupita kiasi kama ni semi, na ni machache kama ni gari ndogo. Ofisa mipango miji asiyeuliza aina anakubali namba isiyo na maana.

Kinachotokea zikiingia 25 mahali pa 15 kinajulikana. Njia ya ndani inazibwa. Gari la ndani kabisa likitaka kutoka saa 10 alfajiri, manne ya mbele yanawashwa, yanarudi nyuma hadi barabarani, yanasubiri hapo, kisha yanaingia tena. Kelele zote ambazo majirani wanazilalamikia na hatari zote za getini zinatokana na msongamano huo wa ndani. Ndiyo maana mchoro wa kiwanja unaoambatana na maombi usiwe wa kukisia. Uwe kwa kipimo cha 1 kwa 500 au kikubwa zaidi, uonyeshe kila mstari wa gari na njia ya kugeukia. Uzuri zaidi ni mpangilio wa kupita moja kwa moja, gari linaingia upande mmoja linatokea mwingine, kwa sababu unaondoa kurudi nyuma, na honi ya rivasi ndiyo sauti inayopenya dirisha lililofungwa.

Jambo tunaloliona limepuuzwa kuliko yote ni maji. Mbeya ni mji wa mteremko. Sehemu kubwa ya makazi yetu iko chini ya milima, udongo wake kwa sehemu nyingi ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaokatika haraka maji yakipata njia moja. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilifukia nyumba kata ya Itezi. Hatusemi yadi za magari ndizo zilizosababisha. Tunasema huu si mji wa kumwaga zege na kushindilia kifusi bila kuhesabu maji yatakwenda wapi.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua kubwa ya Februari ikishusha milimita 40 kwa saa moja, ekari moja imepokea lita 160,000. Palipokuwa shamba au nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama. Chukulia asilimia 20 ndiyo ingetiririka, yaani lita 32,000. Uwanja ulioshindiliwa na kuezekwa mabati pembeni unatiririsha kama asilimia 80, lita 128,000. Tofauti ni lita 96,000, sawa na matenki 19 ya plastiki ya lita 5,000, yote yakifunguliwa ndani ya saa moja kuelekea kwa jirani wa chini. Mtaro wa futi moja na nusu uliochimbwa na wakazi kwa nguvu zao haukuwekwa kwa ajili ya hayo.

Dawa yake ipo. Lita 96,000 ni mita za ujazo 96, na bwawa la mita 12 kwa 8 lenye kina cha mita 1 linazimeza zote. Bwawa hilo halikusudiwi kutunza maji. Linayashikilia tu, kisha linayatoa polepole kwa bomba la inchi 2 lililowekwa chini kabisa. Bomba la kipenyo hicho litalimaliza kwa karibu saa 10, na kesho yake liko tupu tayari kwa mvua nyingine. Lizungushiwe uzio, watoto wasiingie. Liwe na njia ya ziada juu, iliyojengwa kwa mawe, ili likijaa lisivunje ukingo. Kosa la kawaida ni kuweka bomba la kutolea nusu ya kina: nusu ya bwawa inabaki na maji msimu mzima, mvua kubwa ikija nafasi ni nusu, na mbu wamepata makazi. Kosa la pili ni kutolichimbua tope. Kifusi kinachosombwa na maji kutoka yadini hutua humo humo. Kama hakuna mtu aliyepewa kazi ya kulisafisha kabla ya mvua za Novemba, baada ya misimu michache linakuwa bustani.

Uwanja wenyewe uelekee huko. Mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha. Kwenye uwanja wa mita 40 ni tofauti ya sentimita 80 kutoka juu hadi chini, na hiyo ikatwe kwa greda kabla ya kifusi kuwekwa. Ukiuacha uwanja tambarare kabisa, maji yanasimama kwenye alama za matairi, kifusi kinalainika, lori la pili linachimba zaidi, na kufikia Machi panahitajika kijiko cha kuvutia magari. Lori lililojaa linaloruhusiwa chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 linafika tani 56 kwa jumla. Kifusi cha sentimita 10 kilichomwagwa juu ya udongo wa shamba bila kuondoa tabaka la juu hakibebi uzito huo hata wiki mbili za mvua.

Kuhusu mafuta, karibu kila maombi yanaahidi "shimo la kutenganisha mafuta", na mengi ya mashimo hayo hayatenganishi chochote. Tueleze linavyofanya kazi, kwa sababu mtu akishaelewa anaweza kulikagua mwenyewe kwa kuinua mfuniko. Shimo lina vyumba vitatu. Cha kwanza kinapokea maji na kutuliza mchanga. Cha pili kinayaacha yatulie ili mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yaelee juu. Bomba la kutoka chumba cha pili kwenda cha tatu lazima liwe na kiwiko kinachoshuka, mdomo wake ukiwa sentimita 60 hivi chini ya uso wa maji, ili yapite maji ya chini na mafuta yabaki juu. Fundi asiyejua huchomeka bomba lililonyooka juu ya ukuta. Hapo kinachotoka cha kwanza ni mafuta yenyewe, na shimo limekuwa njia ya kuyakusanya na kuyapeleka mtoni yakiwa pamoja. Inua mfuniko wa chumba cha tatu: ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji, kiwiko hakipo au shimo limejaa.

Halafu shimo hilo halipaswi kupokea mvua ya yadi nzima. Lita 128,000 kwa saa ni zaidi ya lita 35 kwa sekunde. Hakuna mafuta yanayopata muda wa kuelea kwa kasi hiyo, na yale yaliyokusanyika miezi mitatu yanasombwa kwa dakika kumi. Sehemu ya kuoshea na ya kulaza gari linalovuja ijengwe sakafu ya zege yenye ukingo, iezekwe, na shimo lihudumie sehemu hiyo peke yake. Mvua ya sehemu nyingine ipite kwenye mtaro wa nyasi hadi bwawani. Anayejenga hivi anatumia fedha pungufu kuliko anayejenga shimo kubwa lisilofanya kazi.

Kama kiwanja kinapakana na mto, maelezo ni mafupi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ekari moja iliyo kando ya mto inaweza kubaki na sehemu ndogo tu inayotumika. Hili lipimwe kabla kamati haijakaa.

Geti ndilo linaloua watu. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo semi inayotoka yadini ikakata kulia inavuka magari yanayotoka kulia kwake kabla haijaingia upande wake. Gari la mita 18, limesimama, limebeba mzigo, linahitaji sekunde kumi na zaidi kukamilisha kona. Ndani ya sekunde 10 gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 139. Dereva wa lori asipoweza kuona angalau mita 140 pande zote mbili akiwa getini, anatoka kwa kubahatisha. Sasa fikiria geti hilo liko kwenye mteremko wa Iwambi au karibu na Mlima Nyoka, ambako gari linaloshuka linaweza kuwa limechemsha breki. Kwa mawazo yetu yadi ya malori isipewe kibali mahali ambapo geti lake linafungukia kwenye mteremko mkali wa barabara kuu, hata kama masharti mengine yote yametimia. Kuna mambo ambayo masharti hayayarekebishi.

Mahali penye tambarare, geti lirudi ndani kiasi cha semi nzima kusimama mbele yake bila mkia kubaki barabarani: mita 20 hadi 22. Na nafasi hiyo ihesabiwe ndani ya kiwanja. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na waombaji wengi huihesabu kana kwamba ni uwanja wao wa mbele. Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, umeonyesha wazi hifadhi ile ni ya nani. Lami ikisogea, lori lililokuwa likisubiri geti kwenye "uwanja wa mbele" linajikuta likisubiri kwenye njia ya magari. Ruhusa ya kuunganisha njia ya kuingia na barabara kuu inatoka kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, halmashauri haina mamlaka ya kuitoa, na barua yake ingekuwa kiambatisho cha lazima tangu siku ya kwanza ya maombi. Mita 15 za mwisho kabla ya kutoka ziwekwe zege au mawe, tairi zijikung'ute. Tope jekundu linaloburuzwa kwenye lami ya mteremko, mvua ikianza, linateleza kama sabuni, na anayelipa ni mwenye bodaboda.

Aina ya mzigo nayo iandikwe. Tenki la petroli lililoshusha mafuta watu hulichukulia salama kwa sababu ni tupu. Si salama. Limejaa mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa unawaka kwa cheche ambayo mafuta yenyewe ndani ya tenki lililojaa yasingeijali. Barabara hii inabeba pia salfa na tindikali za migodi ya shaba ya Zambia na Kongo; salfa ikiwaka inatoa gesi inayochoma macho na mapafu ya mtaa mzima. Magari ya namna hiyo yasichanganywe na stoo zenye magodoro na magunia, na kibali cha yadi ya kawaida kiseme hivyo kwa maneno yasiyopindishika. Kwa magari mengine, njia ya mita 4 iwe wazi wakati wote kwa ajili ya gari la Zimamoto, betri za magari yanayohifadhiwa zichomolewe, nyasi zikatwe kabla ya Julai maana upepo wa kiangazi wa huku tunaujua, na matairi yaliyotolewa yasirundikwe ukutani mwa jirani.

Baridi ina kero yake ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani haiifikirii. Juni na Julai, Mbeya, Makambako hata Iringa, dereva wa dizeli anawasha injini alfajiri na kuiacha ingurume nusu saa ipate joto na mfumo wa breki ujae upepo. Injini 15 kwa wakati mmoja, mita 5 kutoka chumba cha mtoto. Hatuombi malori yakatazwe kuwashwa. Tunaomba mstari wa kwanza wa magari uwe mita 10 kutoka ukuta wa makazi, nafasi hiyo ipandwe miti, magari yanayotoka alfajiri yalazwe upande wa barabara na yale ya miezi sita yalazwe upande wa nyumba. Gari lisilowashwa ni ukuta mzuri wa sauti. Magari kupita getini kuwe kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, na taa za ulinzi zielekezwe chini.

Kama watu wanalala humo, pawe na vyoo na maji, navyo viwepo kabla ya gari la kwanza. Hili halina mjadala, na jirani mwenye shamba la mahindi nyuma ya ukuta anajua kwa nini.

Kwa majirani wanaoona bango la maombi limesimikwa: lisomeni lote. Lina namba ya kiwanja na kitalu, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa na muda wa kupeleka pingamizi. Nendeni ofisi ya mtaa au ya mipango miji mkaombe kuona mchoro. Pingamizi linalosema "hatutaki malori" kamati inalisoma na kuliweka pembeni, kwa sababu haina la kulijibu. Pingamizi linalosema "geti lipo mita 40 kutoka kona, kiwanja kinashuka kuelekea Kitalu C na hakuna mtaro upande huo, mchoro unaonyesha semi 25 kwenye nafasi ya 15" lazima lijibiwe. Andikeni namba za viwanja vyenu, pigeni picha za maji yanavyopita sasa hivi kabla ya ujenzi, na mhakikishe nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa. Picha ya kabla ndiyo itakayowasaidia baada.

Kwa mwenye kiwanja, tunasema haya bila uadui. Kubadili matumizi kunabadili masharti ya hati na kodi ya pango la ardhi, na mteja wako wa stoo ana haki ya kujua kwamba magunia yake yatapakana na matenki ya dizeli. Ukiomba kwa vipimo tangu mwanzo utapewa kibali unachoweza kukitetea. Ukiomba kwa sentensi moja, kila diwani mpya na kila ofisa mpya atakifasiri upya.

Na kwa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ombi letu ni moja. Msiende kukagua kiwanja saa 5 asubuhi wakati malori yote yako njiani. Nendeni saa 1 jioni yanaporudi, mwezi wa mvua, na futi kamba ya mita 50. Pimeni kutoka ukingo wa lami hadi geti, hesabuni mistari ya magari, fuateni maji kwa miguu hadi yanapoishia, inueni mfuniko wa chumba cha tatu, kisha namba hizo ziandikwe kwenye kibali na nakala ibandikwe ofisi ya mtaa, mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuisoma akiwa na futi yake mkononi.

Wadau wa mipango miji,
Uyole, Mbeya